Uvuvi wa machipuko: Kipimajoto kabla ya ndoana

KATIKA majimbo ya kaskazini ya Marekani, barafu inapoyeyuka juu ya maziwa mwezi wa Aprili, wavuvi wa burudani huanza kutoa mishipi yao stoo na kuhesabu siku za likizo. Wengi wao hawavui kwa ajili ya soko wala jiko. Huwatafuta samaki wawili wenye sifa kubwa katika maziwa ya bara hilo, yaani besi na muski, na mara nyingi huwafuata katika maziwa ambayo hawajapata kuyaona.

Safari ya namna hiyo kwa kawaida ni ya siku nne au tano tu. Anayefika wiki moja mapema hukuta maji ni baridi, samaki wamezubaa na pengine msimu wenyewe haujafunguliwa. Anayechelewa hukuta samaki wametawanyika. Lakini hasara ya mvuvi si kubwa kama hasara ya ziwa. Machipuko ndiyo majira ambayo samaki hawa huzaliana, na kosa dogo la mgeni linaweza kuangamiza kiota kizima cha besi, au kumuua muski aliyechukua zaidi ya miaka 15 kufikia ukubwa wake.

Kwa sababu hiyo, mpango mzuri wa safari ya machipuko hauanzi na swali la chambo. Huanza na maswali matatu: maji yana joto kiasi gani, sheria inasema nini, na samaki wako katika hatua gani ya kuzaliana.

Samaki wawili, tabia mbili

Besi wanaotafutwa zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni besi mdomo-mkubwa, ambaye taya lake la juu hupita nyuma ya jicho mdomo unapofungwa. Huyu hupenda maji yaliyotulia, yenye mimea na magogo. Wa pili ni besi mdomo-mdogo, mwenye rangi inayokaribia shaba na mistari ya wima ubavuni, ambaye hupenda maji maangavu yenye mawe na changarawe.

Wasomaji wa Afrika Mashariki si wageni kabisa kwa samaki huyo wa kwanza. Besi mdomo-mkubwa alipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, akitokea Marekani, na amekuwa sehemu ya uvuvi wa ziwa hilo tangu wakati huo. Rekodi ya dunia ya samaki huyo ni ya George Perry, aliyemvua mmoja wa kilo 10 hivi katika jimbo la Georgia mwezi Juni 1932. Rekodi hiyo ilifikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa nchini Japani mwezi Julai 2009.

Muski ni samaki wa namna nyingine. Ana mwili mrefu kama gogo, taya pana lililojaa meno makali, na huwinda kwa kuvizia kisha kurukia kwa ghafla. Hula samaki wengine na hata vifaranga wa bata. Wavuvi humwita samaki wa mitupo elfu kumi, kwa maana kwamba mtu anaweza kutupa chambo mara nyingi mno kabla ya kumpata mmoja. Rekodi inayotambuliwa na shirika la kimataifa la uvuvi wa burudani, IGFA, ni ya Cal Johnson, aliyevua muski wa kilo 30.6 katika Ziwa Lac Courte Oreilles, jirani na mji wa Hayward, Wisconsin, mwezi Julai 1949. Mwaka 1955 jimbo hilo lilimtangaza muski kuwa samaki wake rasmi.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa mpangaji wa safari ni namna samaki hawa wanavyolea. Besi dume huchimba kiota chenye umbo la sahani chini ya maji mafupi, hulinda mayai, na baadaye hulinda vifaranga kwa siku kadhaa. Muski hafanyi hivyo. Jike na dume huogelea pamoja katika ghuba zenye maji mafupi, wakatawanya mayai juu ya mimea na masalia ya majani, kisha wakaondoka. Mmoja huvuliwa kwa urahisi kwa sababu hakubali kuacha watoto wake, na mwingine huvuliwa kwa shida akiwa amechoka baada ya kutaga.

Joto la maji ndiyo kalenda

Samaki hawafuati tarehe. Hufuata joto la maji, na joto hilo hubadilika mwaka hadi mwaka kutegemea siku ambayo barafu iliyeyuka. Katika kaskazini ya Wisconsin na Minnesota, barafu huweza kuondoka mapema Aprili mwaka mmoja na kungoja hadi Mei mwaka mwingine.

Muski hutaga maji yanapokuwa kati ya nyuzi joto 9 na 15 za Selsiasi. Besi huanza kusogea kutoka kwenye kina maji yanapovuka nyuzi 10. Besi mdomo-mdogo hujenga viota joto linapofika nyuzi 15 hivi, na besi mdomo-mkubwa humfuata linapokaribia nyuzi 16 hadi 18. Kwa maneno mengine, muski kwa kawaida huwa anamaliza kazi yake wakati besi ndiyo kwanza anaanza ya kwake.

Mpangilio huo unaeleza kwa nini safari moja inaweza kuwahusu samaki wote wawili. Wakati besi wanajiandaa kutaga katika ghuba, muski waliokwisha kutaga bado hawajaenda mbali. Huzunguka kwenye mimea michanga iliyo karibu, wakipata nguvu upya kwa kula samaki wadogo.

Si sehemu zote za ziwa zinazopata joto kwa wakati mmoja. Ghuba ndogo za upande wa kaskazini hutangulia, kwa kuwa hutazama jua la kusini na kukingwa na upepo wa baridi. Ghuba zenye matope meusi hufyonza joto haraka kuliko zenye mchanga mweupe. Ziwa fupi lenye maji ya rangi ya chai huweza kutangulia ziwa jirani lenye kina na maji maangavu kwa wiki moja au zaidi. Mvuvi anayelifahamu jambo hili habanwi na hali ya hewa. Akikuta ziwa moja bado ni baridi, huhamia lililo fupi zaidi, na akikuta limepitiliza, huhamia lenye kina.

Sheria hubadilika mpakani

Kosa linalowakuta wageni wengi ni kudhani kwamba kanuni za jimbo moja ndizo za jimbo la pili. Katika Minnesota, msimu wa muski hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, na tangu mwaka 2015 urefu wa chini wa muski anayeruhusiwa kuchukuliwa katika maziwa mengi ya jimbo hilo ni inchi 54, yaani sentimita 137. Katika Wisconsin, urefu wa kawaida ni inchi 40, ingawa yapo maziwa yenye kiwango cha juu zaidi, na mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya muski mmoja kwa siku.

Wisconsin kwa miaka mingi imekuwa na tarehe mbili za kufungua msimu wa muski. Kusini mwa barabara kuu namba 10 msimu umekuwa ukianza Jumamosi ya kwanza ya Mei, na kaskazini mwa barabara hiyo mwishoni mwa Mei. Kwa upande wa besi mdomo-mdogo wa kaskazini, kanuni ya muda mrefu imekuwa kuruhusu uvuvi wa kuachia tu hadi Jumamosi ya tatu ya Juni, ili madume wamalize kulinda viota.

Kusini zaidi mambo ni tofauti. Kentucky haina msimu uliofungwa kwa muski, na Ziwa Cave Run, lililotokana na bwawa la Mto Licking, linajulikana kwa samaki huyo na kwa besi pia. Mvuvi mwenye likizo ya Aprili pekee anaweza kupata huko kile ambacho kaskazini angekikuta kimefungwa na sheria, au na barafu yenyewe.

Kanuni hizi hufanyiwa marekebisho mara kwa mara, na ziwa moja moja huweza kuwa na masharti yake. Kitabu cha kanuni cha mwaka husika, kinachotolewa bure na idara ya maliasili ya kila jimbo, ndicho chenye kauli ya mwisho. Leseni ya mgeni asiye mkazi hununuliwa kabla ya ndoana ya kwanza kugusa maji.

Aidha, mgeni anapaswa kumtofautisha muski na jamaa yake paiki, kwani paiki huweza kuwa halali siku ambayo muski si halali. Paiki ana madoa meupe juu ya mwili wenye rangi ya giza, na ncha za mkia wake ni za mviringo. Muski ana mistari au madoa ya giza juu ya mwili wa rangi nyepesi, na ncha za mkia wake zimechongoka. Penye shaka, hutazamwa vitundu vilivyo chini ya taya: paiki kwa kawaida hana zaidi ya vitano kila upande, na muski huwa na sita au zaidi.

Kulisoma ziwa ukiwa nyumbani

Wisconsin ina maziwa yapatayo 15,000, na Minnesota ina 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi. Hakuna anayeweza kuyajaribu yote, hivyo kazi ya kwanza ni kupunguza. Idara za maliasili za majimbo hayo huweka kwenye intaneti ramani za kina cha maji, taarifa za upandikizaji wa samaki na matokeo ya uchunguzi wa idadi yao. Saa mbili za kusoma taarifa hizo huokoa siku mbili za kuzunguka na mashua bila kupata kitu.

Utaratibu unaofaa ni kuchagua mji mmoja wa kulala na maziwa matatu yaliyo karibu nao, yenye tabia tofauti: moja fupi lenye maji ya rangi ya chai, moja la ukubwa wa wastani, na moja lenye kina na maji maangavu. Eneo la Hayward ni mfano mzuri. Ndani ya mwendo mfupi wa gari kuna Lac Courte Oreilles, ambalo ni ziwa la asili lenye kina na maji maangavu, na Chippewa Flowage, bwawa la ekari zipatazo 15,300 lililojaa visiwa, visiki na ghuba za maji ya rangi ya chai.

Juu ya ramani, mvuvi huweka alama mahali panne katika kila ziwa. Kwanza, ghuba fupi za kaskazini. Pili, mdomo wa ghuba hizo, pale kina kinapoanza kushuka. Tatu, rasi zilizo karibu zaidi na ghuba, ambapo samaki hupita wakiingia na kutoka. Nne, mwambao wa changarawe na mawe, ambao ni makazi ya besi mdomo-mdogo. Sehemu kubwa ya ziwa inayobaki huachwa kwa ajili ya miezi ya joto.

Baada ya ramani hufuata simu. Wenye maduka ya chambo na nyumba za wageni kando ya ziwa hujua barafu imeondoka lini na maji yamefika nyuzi ngapi. Swali zuri la kuwauliza si "samaki wako wapi", bali "joto la maji likoje, na mimea imeanza kuota wapi". Kwa swali hilo mwenyeji hatoi siri yake, na mgeni hupata alichokihitaji.

Siku ya kwanza majini

Asubuhi ya kwanza katika ziwa geni inafaa itumike kwa macho zaidi ya mikono. Mvuvi huanza kwenye ghuba aliyoiwekea alama, akapima joto, akavaa miwani inayokata mng'ao wa jua, na kutazama chini. Akiona sahani nyeupe zilizofagiliwa mchangani, amekuta viota. Asipoviona na joto liko chini ya nyuzi 15, besi bado wako nje kwenye mdomo wa ghuba, na huko ndiko kwa kuanzia.

Katika maji baridi chambo huendeshwa polepole. Kwa muski, chambo bandia cha sentimita 10 hadi 15 hufaa kuliko yale makubwa ya vuli, kwa kuwa samaki aliyetoka kutaga hupendelea windo dogo. Hilo ndilo linalowafanya wavuvi wa besi kumnasa muski bila kukusudia, kisha meno yakakata mshipi na samaki akaondoka na ndoana mdomoni. Palipo na muski, kipande cha waya au cha uzi mzito hufungwa kati ya mshipi na chambo, hata kama anayetafutwa ni besi.

Upepo nao ni wa kuzingatiwa. Upepo wa vuguvugu unaovuma mfululizo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea mwambao unaoupokea, na tofauti ya nyuzi mbili tu huweza kuamua samaki watakuwa upande gani wa ziwa alasiri hiyo.

Kumshika na kumwachia

Chama cha Muskies, Inc., kilichoanzishwa Minnesota mwaka 1966, kilikuwa mstari wa mbele kuwashawishi wavuvi wawarudishe muski majini, na leo hiyo ndiyo desturi ya wengi wao. Hata hivyo, kuachia hakuna maana iwapo samaki atakufa saa chache baadaye.

Vifaa vinavyotakiwa ni wavu mpana wenye nyuzi zilizopakwa mpira, koleo refu, na kikatio chenye nguvu za kukata ndoana. Samaki hubaki ndani ya wavu, na wavu hubaki ndani ya maji, wakati ndoana inapotolewa au kukatwa. Akinyanyuliwa kwa ajili ya picha, hushikwa kwa mlalo, mkono mmoja ukiwa chini ya tumbo, kwa sekunde chache tu. Kumning'iniza kwa taya huweza kumuumiza ndani kutokana na uzito wake. Kisha hushikiliwa majini akiwa wima hadi aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.

Kwa besi aliye kiotani, busara ni kumpita. Dume anapoondolewa, hata kwa dakika chache, samaki wadogo walio karibu huvamia mayai. Mvuvi anayetaka besi bila kuharibu viota huwatafuta wale ambao bado hawajaingia ghubani, na kwa kawaida wengi wa samaki wakubwa huwa huko.

Maji yana wenyewe

Mgeni anapaswa pia kufahamu historia ya mahali anapovua. Sehemu kubwa ya kaskazini ya Wisconsin ilikuwa nchi ya watu wa Ojibwe, ambao katika mikataba ya mwaka 1837 na 1842 walitoa ardhi lakini wakabakiza haki ya kuvua na kuwinda. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilithibitisha haki hiyo mwaka 1983. Kila machipuko, wavuvi wa Ojibwe huvua usiku kwa mikuki chini ya viwango vilivyowekwa na kwa kuhesabu samaki wao. Chippewa Flowage yenyewe ilitokana na bwawa la mwaka 1923 lililofunika ardhi na makaburi yao. Mgeni anayekuta taa ghubani usiku hakuti wahalifu, bali watu wenye haki ya zamani kuliko leseni yake.

Jambo lingine ni viumbe wavamizi. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanaujua vyema usumbufu wa magugumaji, na maziwa ya Marekani yana masaibu yanayofanana na hayo: kombe wadogo waitwao zebra, waliogunduliwa katika Ziwa St. Clair mwaka 1988, wameenea katika maji mengi kwa kubebwa na vyombo. Kabla ya kuhama ziwa, mashua humwagwa maji yote, mimea yote huondolewa, na samaki hai hawasafirishwi. Kwa mwenye mpango wa maziwa matatu katika siku nne, kazi hii ni ya kila jioni.

Hatimaye, maji ya nyuzi 10 huua. Mtu anayetumbukia hupigwa na mshtuko unaomfanya avute pumzi bila kutaka, na mikono hupoteza nguvu ndani ya dakika chache, hata kama anajua kuogelea. Jaketi la kujiokolea huvaliwa tangu mashua inapoondoka ufukweni, siyo kuwekwa chini ya kiti.

Mpango kwa ufupi

Anayepanga safari ya siku nne anaweza kugawa muda wake hivi. Miezi miwili kabla, achague jimbo na asome kanuni zake. Mwezi mmoja kabla, achague maziwa matatu na kuweka alama kwenye ramani. Wiki moja kabla, apige simu kuuliza joto la maji, na akubali kubadilisha mpango iwapo majibu yanapingana na matarajio yake. Siku ya kwanza apime na kutazama ziwa fupi. Siku ya pili na ya tatu avue katika ziwa ambalo joto lake limelingana na hatua anayoitaka. Siku ya nne arudi mahali palipompa samaki, saa ile ile aliyowapata.

Huenda akarudi nyumbani bila muski, kama ilivyo kwa wengi. Lakini akiwa amepita viota bila kuvigusa, amesafisha mashua yake na amemrudisha majini samaki aliyemvua, ziwa halitakuwa limepungukiwa kwa ujio wake. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika uvuvi wa machipuko, mwenyeji huyo ni ziwa lenyewe.